ZUBAYR BIN AL-AWWAM (R.A.) NA DENI LA DIRHAM 2,200,000

Bismillahi Rahmani Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Bwana wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na Masahaba zake wote.



Ijumaa hii tunakuletea habari ya jambo ambalo watu wengi wanalificha hata ndani ya nyumba zao, nalo ni deni. Kama unadaiwa, ujue hauko peke yako. Yuko aliyechukua unga na mafuta dukani akaandikwa kwenye daftari, mwezi ukaisha na mshahara haukutoka. Yuko aliyepokea zamu yake ya likelemba, kisha akashindwa kuendelea kutoa kwa ajili ya wenzake. Yuko aliyekwenda kwa wakopeshaji wa mtaani, wale wanaochukua telefone yako au karatasi ya kiwanja chako kama rehani. Na wako ndugu zetu walio Ulaya na Amerika, wanaonunua kwa karte ya benki feza wasiyokuwa nayo, kisha kampuni za kudai zinawapigia simu kutwa.

Wote hao siku moja wanakutana na mtu mmoja: mwenye kudai. Anabisha mlango asubuhi. Na sisi tunafanya nini? Tunazima telefone. Tunapita njia nyingine ili tusionane naye. Tunamtuma mtoto akaseme baba hayupo. Basi tulikuwa na deni peke yake, sasa tuna deni na uongo, na tena mtoto amejifunza uongo huo kwetu.

Kwa hiyo soma pamoja nasi maisha ya Sahaba mkubwa, Zubayr bin Al-Awwam (r.a.). Wengi wanamjua kwa upanga wake. Wachache wanajua kwamba alikufa akidaiwa, na kwamba namna deni lake lilivyolipwa ni somo kubwa kuliko vita vyake vingi.

ALIKUWA NANI?

Zubayr alizaliwa Makka katika kabila la Kureshi. Mama yake ni Safiyya binti Abdul-Muttalib, shangazi yake Mtume (s.a.w.). Kwa hiyo Zubayr na Mtume ni watoto wa kaka na dada. Na kwa upande wa baba, Bibi Khadija (r.a.), mke wa Mtume, alikuwa shangazi yake Zubayr. Baba yake alikufa mapema, akalelewa na mama yake, mwanamke mkali aliyetaka mtoto wake awe mwanaume wa kweli.

Alisilimu akiwa kijana mdogo, miongoni mwa watu wa kwanza kabisa. Ami yake alimtesa kwa kumfunga ndani ya mkeka na kumfukizia moshi ili aache dini, naye hakuacha. Alihama kwenda Uhabeshi pamoja na Waislamu wa mwanzo, kisha akahamia Madina. Alipigana Badri mwaka wa 624, akapigana Uhud, na katika vita vya Handaki mwaka wa 627 Mtume alipotaka mtu wa kwenda kuleta habari za adui, Zubayr ndiye aliyejitolea. Hapo Mtume akamwita mwanafunzi wake wa karibu, yaani hawari wake. Naye ni mmoja wa wale kumi waliobashiriwa Pepo wakiwa bado wanaishi.

Usidhani alianza maisha akiwa tajiri. Alipomuoa Asma binti Abubakar (r.a.), hakuwa na kitu kinachofaa kuitwa mali isipokuwa farasi na ngamia wa kuteka maji. Asma mwenyewe alimlisha farasi yule, akashona kiriba, akabeba kokwa za tende kichwani kutoka shamba lililokuwa mbali na mji, na majirani wa Kiansari ndio waliomsaidia kuoka mkate. Mtoto wao Abdallah alikuwa mtoto wa kwanza kuzaliwa kwa Muhajirina huko Madina. Mshike jina huyu Abdallah, kwa sababu yeye ndiye aliyekuja kubeba deni la baba yake.

Baadaye Mwenyezi Mungu alimfungulia Zubayr. Alishiriki katika kufunguliwa Misri wakati wa Khalifa Umar (r.a.), na ni yeye aliyepanda ukuta wa ngome ya Babiloni kwa ngazi. Umar alipokaribia kufa mwaka wa 644, alimtaja Zubayr kuwa mmoja wa watu sita wa kumchagua khalifa mpya. Lakini hakupata kuwa gavana wala mkusanyaji wa kodi. Mali yake ilitoka katika mafungu ya vita na katika ardhi. Tunalitaja jambo hili makusudi, ili usiseme kwamba alilipa madeni kwa feza ya serikali.

DENI LILITOKA WAPI?

Hapa ndipo habari yetu inapoanzia. Watu wa Madina walimwamini Zubayr sana. Mtu akiwa na feza yake na anaogopa kuipoteza, alikuwa akimletea amuwekee amana. Zubayr alikataa kuipokea kama amana. Alikubali kuichukua kwa sharti moja tu, iwe mkopo juu yake.

Tafakari, ndugu msomaji, tofauti iliyopo. Amana ikiibiwa au ikiungua bila uzembe wako, sheria haikulazimishi kuilipa. Hasara ni ya mwenye mali. Mkopo ukipotea, hasara ni yako na unalipa. Zubayr aliogopa mali za watu zisije zikapotea mikononi mwake na wenyewe wakarudi mikono mitupu. Akajitwisha mzigo yeye mwenyewe ili wao walale. Na kwa kuwa sasa ilikuwa mkopo, aliweza kuitumia, akanunua ardhi na majumba.

Kwa njia hiyo deni likakua. Halikutoka katika anasa wala katika kujionyesha kwa majirani. Hata hivyo lilikuwa deni, na yeye mwenyewe hakulidharau kwa sababu lilitokana na wema.

SIKU YA MWISHO

Mwaka wa 656, sawa na mwaka wa 36 wa Hijra, baada ya kuuawa Khalifa Uthman (r.a.), Waislamu waliingia katika fitna, wakakutana uso kwa uso karibu na Basra, katika vita vinavyoitwa vita vya Ngamia. Sisi hatuingii katika kuwahukumu Masahaba. Hukumu yao iko kwa Mola wao.

Siku hiyo Zubayr alimwita mwanawe Abdallah, akasimama ubavuni mwake. Alihisi kwamba hatarudi. Mtu katika saa kama hiyo angeweza kuzungumza juu ya ushindi, juu ya ukhalifa, juu ya maadui zake. Zubayr alimwambia mwanawe kwamba jambo linalomtia wasiwasi kuliko yote ni deni lake. Akamuuliza kama anaona deni hilo litabakisha chochote katika mali yao. Akamuusia auze mali na alipe. Kikibaki kitu baada ya deni, theluthi yake iwe ya wasia, na sehemu ya theluthi hiyo wapewe watoto wa Abdallah.

Kisha akamuusia kwamba akishindwa mahali popote katika deni hilo, amuombe msaada Bwana wake Zubayr. Abdallah hakuelewa, akauliza ni bwana gani huyo. Baba yake akamjibu kuwa ni Mwenyezi Mungu. Tangu siku hiyo, kila Abdallah alipobanwa na deni lile, alimuomba Bwana wa Zubayr amlipie, na njia ilifunguka.

Zubayr aliondoka katika uwanja wa vita, hakutaka kuendelea kupigana. Mtu mmoja aitwaye Amr bin Jurmuz akamfuata na kumuua katika bonde la Sibaa. Mpaka leo uko mji karibu na Basra, nchini Iraki, unaoitwa Az-Zubayr kwa jina lake.

MTOTO MBELE YA DENI

Abdallah alipofungua hesabu, hakukuta dinari wala dirham moja. Alikuta ardhi na nyumba: shamba kubwa la Al-Ghaba nje ya Madina, nyumba kumi na moja Madina, mbili Basra, moja Kufa na moja Misri. Akahesabu madeni moja moja. Yakafika dirham 2,200,000. Dirham ilikuwa sarafu ya feza nyeupe yenye uzito wa karibu gramu 3. Piga hesabu, utaona ni zaidi ya tani 6 za feza.

Basi akakutana na mzee Hakim bin Hizam (r.a.), ambaye ni mtoto wa ami yake Zubayr. Mzee akamuuliza kwa upole ndugu yake ameacha deni la kiasi gani. Abdallah, aliyekuwa shujaa wa vita, aliona haya kulitaja deni lote. Akataja dirham 100,000 tu. Hakim akashtuka hata kwa hizo, akasema haoni kama mali yao inatosha. Ndipo Abdallah akamuuliza, je, kama ni 2,200,000? Mzee akakiri kwamba haoni kama wataweza, na akamwambia wakishindwa wamjie awasaidie.

Ndugu msomaji, simama hapa kidogo. Mtu mwenye deni anaijua hali hii. Tunaulizwa tunadaiwa ngapi, nasi tunataja kipande kidogo, kwa sababu deni lote likitamkwa linatisha. Lakini angalia: Hakim hakuweza kutoa ahadi yake ya msaada kwa kadiri ya mzigo mpaka mzigo wote ulipotajwa. Jamaa yako hawezi kukusaidia kubeba kitu ulichokificha nyuma ya mlango.

WADAI WALIITWA, HAWAKUKIMBIWA

Sasa Abdallah akafanya jambo ambalo sisi wengi hatuthubutu. Hakungoja wadai waje wamtafute. Aliwatangazia watu kwamba kila mwenye haki juu ya Zubayr aje wakutane naye Al-Ghaba. Yaani aliwapa mahali, akakaa hapo, akawasubiri.

Shamba lile Zubayr alilinunua kwa dirham 170,000. Abdallah alilithaminisha kwa 1,600,000, akaligawa katika mafungu kumi na sita, kila fungu 100,000.

Akaja Abdallah bin Jaafar (r.a.), aliyekuwa akidai 400,000. Huyu alikuwa mtu karimu sana. Alisema, wakitaka, atawasamehe deni lote. Abdallah akakataa. Akasema basi, wakitaka, wamuweke mwisho, walipe kwanza wengine. Abdallah akakataa hilo pia. Ndipo bin Jaafar akaomba akatiwe kipande cha ardhi, akaonyeshwa mpaka wake kutoka hapa hadi pale.

Usifahamu vibaya. Kupokea msamaha wa mdai si haramu; Kurani katika Sura Al-Baqara, aya ya 280, inaamrisha kumpa muda mwenye dhiki, na inasema kumwachia kabisa ni bora zaidi. Lakini msamaha na muda ni kwa mwenye dhiki. Abdallah alijua kuna mali ya kutosha, akaona si haki kuubana mkono wa mtu karimu wakati shamba lipo. Na wewe ukiwa na kitu cha kuuza, usimlilie mdai wako kama fukara.

Sehemu ya shamba ikauzwa, madeni yakalipwa, yakabaki mafungu manne na nusu. Abdallah akaenda nayo kwa Muawiya bin Abi Sufyan. Watu watatu waliokuwapo wakanunua fungu moja moja, naye Muawiya akanunua moja na nusu lililobaki kwa dirham 150,000. Baadaye bin Jaafar alimuuzia Muawiya sehemu yake kwa dirham 600,000. Yule aliyekuwa tayari kusamehe 400,000 hakupata hasara.

MIAKA MINNE YA KUNGOJA

Madeni yaliyojulikana yalipokwisha, watoto wa Zubayr wakamwendea ndugu yao, wakataka urithi wao ugawanywe. Zubayr aliacha watoto wengi na wajane wanne. Ombi lao lilikuwa la haki. Kila mmoja alikuwa na nyumba yake ya kulisha.

Abdallah akakataa. Akaapa kwamba hatagawa mpaka atangaze katika msimu wa Hija kwa miaka minne kwamba kila mwenye deni kwa Zubayr aje alipwe. Kwa nini Hija? Kwa sababu Zubayr alikuwa na mambo Madina, Basra, Kufa na Misri, na watu wa miji hiyo yote wanakutana Makka mara moja kwa mwaka. Asiyesikia mwaka huu angesikia mwaka ujao, au angeambiwa na jirani yake aliyehiji.

Miaka minne alitangaza. Ilipokwisha, akagawa. Akatoa theluthi ya wasia, kisha kila mjane kati ya wale wanne akapata dirham 1,200,000. Mali ambayo mzee Hakim aliona haitatosha, ililipa kila mtu na ikabaki hivyo.

MAFUNZO KWETU

Ndugu Muislamu, tunayachukua mambo haya katika maisha hayo, uyaweke moyoni na uyafanyie kazi nyumbani kwako.

1. Hesabu deni lako lote na liandike. Sura Al-Baqara, aya ya 282, ambayo ndiyo aya ndefu kuliko zote katika Kurani, imekuja kwa ajili ya kuandika madeni na kushuhudisha. Andika jina la mdai, kiasi, siku ulipokopa na ulicholipa. Na ukilipa, pokea karatasi ya kuthibitisha. Akija mtu kukudai deni usilolikumbuka, muombe kwa adabu akuonyeshe maandishi kabla ya kutoa chochote. Haki hiyo unayo wewe pia.

2. Mwendee mdai kabla hajakujia. Ukienda mwenyewe ukasema sina leo, lakini nina kiasi hiki, na kingine nitaleta siku fulani, wengi watakusikiliza. Ukijificha, hata mdai mpole anageuka mkali. Na usiahidi siku ambayo unajua huna pa kutoa.

3. Mwambie mke wako, na mwanao mkubwa. Zubayr alimwambia Abdallah akiwa bado hai. Wajane wangapi katika mji wetu wameshangazwa na wadai siku ya matanga, hawajui nani mkweli na nani mwongo?

4. Ukiwa na kitu, uza. Ni vigumu kuuza kiwanja au pikipiki. Lakini feza uliyokaa nayo ni ya mtu mwingine, naye pia ana watoto wanaofukuzwa shuleni kwa kukosa ada.

5. Deni linatangulia urithi. Hili tunalisema kwa sauti, kwa sababu linatuhusu sana. Mtu anakufa, na kabla kaburi halijakauka, jamaa wamekwisha kugawana viti, kitanda na mabati, na mdai akija anafukuzwa kama mchawi. Katika sheria ya Kiislamu, baada ya gharama za mazishi, deni linalipwa kwanza, kisha wasia, na urithi ndio wa mwisho. Mnapogawana kabla ya kulipa, mnagawana mali ya watu. Mtume (s.a.w.) katika siku za mwanzo alikuwa akiletewa maiti mwenye deni asiyeacha cha kulipia, hamswalii yeye mwenyewe, anawaambia Masahaba wamswalie. Maiti mmoja alikuwa anadaiwa dinari mbili tu, na Abu Qatada (r.a.) akazibeba ndipo Mtume akamswalia. Dinari mbili, ndugu yangu!

6. Wewe unayedai, usivuke mpaka. Dai haki yako, lakini usimtukane mtu mbele ya watoto wake, na usimpige. Ukijua kweli hana, mpe muda. Na usiongeze kitu juu ya deni kwa sababu amechelewa, maana hiyo ndiyo riba yenyewe. Zubayr alirudishiwa watu feza zao kwa hesabu ileile waliyomkopesha.

Zubayr aliwaachia watoto wake nyumba na ardhi. Abdallah alimlipa baba yake kwa kitu ambacho baba hawezi tena kukifanya akiwa kaburini: alisimama mahali pa wazi, akawaita wadai kwa jina la baba yake, miaka minne, mpaka hakuja mtu mwingine. Ukitoka msikitini leo, mtafute mtu mmoja unayemkimbia. Mpe salamu kwanza wewe. Kisha mwambie ukweli wa hali yako.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu, Bwana wa Zubayr na Bwana wetu, atulipie madeni yetu, atutosheleze kwa halali yake, na asitufishe hali ya kuwa haki za watu ziko shingoni mwetu. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.